Nilivyokwenda kumwona baba nikarudi Marekani, ombi la grini kadi likiwa bado linasubiri

Kutoka Marekani hakuna anayekuzuia. Uwanja wa ndege hauna dawati la uhamiaji la kukugongea muhuri wa kutoka. Unakaguliwa mizigo, unapanda ndege, basi. Kazi iko kwenye kurudi. Ukiwa na fomu I-485 inayosubiri uamuzi, yaani umeomba grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) ukiwa ndani ya nchi, kisha ukaondoka bila kibali cha kusafiri, sheria inakuhesabu kuwa umelitelekeza ombi lako. Haijalishi una sifa zote. Linafungwa, na ada hairudishwi.

Haya nilikuwa nayajua, ila kuyaeleza kwa simu ni habari nyingine. Baba alikuwa amepangiwa upasuaji wa nyonga huko Tanzania, na mimi ni mtoto wake wa kwanza. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, pasipoti unayo, nauli unayo, kazini wamekupa ruhusa. Sasa unangoja nini?" Nikamwambia nangoja karatasi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Karatasi gani tena, wakati uko huko kihalali?" Sikumlaumu. Nyumbani mtu akishaingia majuu huonekana amemaliza.

Karatasi yenyewe ni I-512L, ndicho hicho kibali cha kusafiri, ambayo wengi wetu tunaiita advansi paroli. Unaiomba kwa fomu I-131. Zamani ada yake ilikuwa imo ndani ya ile ya I-485. Mimi niliwasilisha maombi baada ya tarehe 1 Aprili 2024, ada zilipotenganishwa, kwa hiyo nililipa dola 1,440 za I-485 na dola 630 za kibali peke yake. Rafiki zangu wawili waliiruka I-131 ili kuokoa hizo 630. Kwa mtu mwenye wazazi wazee nyumbani naona huo si uokoaji.

Na kuomba tu hakutoshi. Ukiondoka kibali kikiwa bado hakijatoka, kwa kawaida ombi la kibali nalo huchukuliwa kuwa umeliacha. Lazima kiwe mkononi kabla hujaondoka. Wenye nafuu ni watu wa viza za kazi za H-1B na L-1 pamoja na wategemezi wao: wakirudi na viza iliyo hai, wakiwa bado kwenye hadhi ileile, ombi lao haliguswi. Mimi niliingia na viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo haina upendeleo huo, halafu nikaoa, na ombi langu likawa la ndoa.

Tarehe ya upasuaji ilipowekwa, kibali changu kilikuwa bado kwenye foleni. Kuna njia ya kuomba ombi lisukumwe mbele kwa sababu ya dharura ya kibinadamu, lakini wanataka ushahidi. Mdogo wangu akaenda hospitali akapata barua ya daktari yenye tarehe ya upasuaji, na hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Barua ya serikali ya mtaa iliyothibitisha kwamba mgonjwa ni baba yangu ilikuwa kwa Kiswahili. Hati yoyote ya lugha nyingine lazima iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba yeye anaimudu kazi hiyo. Rafiki mmoja alinifanyia jioni moja, akatia saini. Kibali kikatoka, karatasi yenye picha yangu na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Hata hivyo sikukata tiketi siku hiyo. Nilikwenda kwanza kwa wakili, na ile ada ya mashauriano ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Swali lake la kwanza lilikuwa kama niliwahi kukaa bila hadhi halali hata kwa muda. Tangu sheria ya 1996, mtu aliyezidisha siku zaidi ya 180 kisha akaondoka anaweza kufungiwa nje miaka mitatu; akizidisha mwaka mmoja au zaidi, miaka kumi. Mwaka 2012 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua, katika shauri la Arrabally na Yerrabelly, kwamba kutoka nchini kwa kutumia kibali hiki hakuhesabiki kuwa ni kule kuondoka kunakoleta marufuku hiyo. Mimi sikuwa na siku za namna hiyo. Wewe ukiwa nazo, au ukiwa na amri ya kufukuzwa au kesi ya jinai, usisafiri kwa maneno ya mtu wa kwenye grupu la WhatsApp. Wala kwa maneno yangu.

La pili sikulitegemea. Alisema nikirudi kwa I-512L sitaingia kama mwanafunzi tena, nitaingia kwa paroli, yaani ruhusa ya muda tu. F-1 itakuwa imekwisha, na I-485 ikikataliwa sitakuwa na hadhi ya kuangukia. Nilirudi nyumbani tukaongea na mke wangu usiku ule. Ndoa yetu haikuwa na walakini, rekodi yangu safi, tukaamua niende.

Basi safari nikaipanga kuanzia mwisho wake. Tarehe ya kurudi iwe mbali na tarehe ya kibali kuisha. Alama za vidole ziwe zimeshachukuliwa kabla sijaondoka. Mke wangu awe anafungua kila barua ya uhamiaji na kuipiga picha, kwa sababu ukiitwa kwenye usaili usitokee wala kuomba tarehe nyingine, ombi linaweza kukataliwa. Nilichagua pia ndege inayounganisha mahali ambapo sihitaji viza ya kupitia, maana kibali hiki si viza ya Marekani, na nchi za katikati zina masharti yao.

Baba alifanyiwa upasuaji salama. Siku ya pili akawa anabishana na manesi.

Patashika ilikuwa kwenye kaunta ya ndege, wakati wa kurudi. Kijana alifungua pasipoti, akafika kwenye ukurasa wa viza, akaugeuza kwangu. "Kaka, viza yako imeisha." Nikampa I-512L. Aliitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaikunja pembe kidogo kama anayepima noti. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikamwomba kwa upole amwite msimamizi, akaja mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione."

Nilikuwa nimechapa ukurasa wa mwongozo ambao mamlaka ya mipaka ya Marekani imewaandalia mashirika ya ndege, unaotaja hati hii kuwa inatosha kumpakia abiria. Aliusoma wote huku ameshika miwani, akapiga simu moja, kisha akamwambia kijana, "Mpe kadi ya kupandia, na hii karatasi uikumbuke." Ule ukurasa mmoja ulinisaidia kuliko folda nzima niliyobeba. Uchapishe, usitegemee simu.

Marekani, afisa wa dirishani alitazama karatasi, akanielekeza chumba cha ukaguzi wa pili. Wengi hutetemeka hapo, lakini kwa mtu wa kibali hiki ni utaratibu wa kawaida. Unakaa, simu huruhusiwi kuitumia, unasubiri kuitwa. Niliulizwa nilikwenda kufanya nini, mke wangu yuko wapi, kama nimewahi kukamatwa. Majibu mafupi. Nilikuwa na nakala ya risiti ya I-485, cheti cha ndoa na barua ya daktari. Aliomba risiti tu. Akagonga muhuri wa paroli wenye tarehe, akanirudishia karatasi yangu. Ujue kwamba kibali hakikupi haki ya kuingia, afisa wa mpakani ndiye mwenye uamuzi wa mwisho.

Nilipofika nyumbani niliingia kwenye tovuti ya I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, nikahakikisha rekodi mpya inalingana na muhuri, nikaihifadhi. Ikikosewa herufi ya jina au tarehe, ni heri uishughulikie mapema.

Usaili ulikuja baadaye. Afisa aliuliza tarehe za kutoka na kurudi, nikamwekea mezani nakala ya kibali, muhuri na I-94. Alivichukua akaviambatisha kwenye faili, akahamia kwenye maswali ya ndoa, ambayo yalichukua muda mrefu zaidi. Grini kadi ililetwa na posta, na baba mdogo nilimtumia picha yake. Akajibu, "Sasa lini unakuja tena?"