Taa ya Injini Kuzimika Hakutoshi

Fundi anapofuta msimbo wa hitilafu (namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari) kwa mashine ya kupimia, taa ya injini huzimika papo hapo, gari liwe limepona au halijapona. Ndiyo maana, baada ya gari langu la petroli kubadilishiwa plagi zilizokuwa zikikosakosa, pamoja na masega (kifaa cha kusafishia moshi kwenye bomba la ekzosi) yaliyoyeyuka kwa kuunguliwa na petroli ndani yake, nilikubaliana na fundi wangu wa hapa Dodoma kwamba salio ningelimaliza baada ya kulijaribu gari barabarani.

Kufuta msimbo hufuta pia matokeo ya vipimo ambavyo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe, na vingi kati ya hivyo havikamiliki gari likiwa limeegeshwa gereji. Isitoshe, msimbo wa P0420, unaoonyesha kuwa masega hayasafishi moshi ipasavyo, kwa kawaida huwasha taa baada ya hitilafu kuonekana katika safari mbili mfululizo. Kuzunguka mtaa mmoja na kurudi hakuthibitishi kitu.

Tuliondoka alfajiri, injini ikiwa imepoa usiku kucha, tukashika barabara ya Singida kuelekea Bahi. Huko, ukishavuka vijiji vyenye vibao vya 50, unaweza kwenda kilomita 80 kwa saa kwa muda mrefu bila kubadilisha mwendo, jambo ambalo bodaboda na bajaji za mjini hazikuruhusu. Pasipokuwa na gari nyuma yetu niliachia mafuta bila kugusa breki, gari likapunguza mwendo lenyewe, kisha nikaongeza taratibu.

Fundi alikaa kushoto kwangu, mashine mapajani. Sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi) iliyo mbele ya masega ilirukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9, kama inavyopaswa kwa sensa ya aina hiyo. Ya nyuma, ambayo awali ilikuwa ikiiga kila mruko wa mwenzake, sasa ilitulia karibu na 0.7, dalili kwamba masega yanafanya kazi. (Wanaokata masega ya watu na kuyauza, kisha wakafuta msimbo, huumbuliwa na mstari wa sensa hiyo ya nyuma kwenye skrini.)

Kabla hatujafika Bahi, kipimo cha masega kilionyesha kuwa kimekamilika, na hapakuwa na msimbo wowote unaosubiri, yaani ulioonekana mara moja bila kuwasha taa. Kipimo cha mvuke wa petroli kilibaki, kwa kuwa nilikuwa nimejaza tenki, na magari mengi hayakifanyi tenki likiwa limejaa wala likikaribia kukauka. Hicho hakikuhusu kazi aliyoifanya, hivyo nilimtumia salio lake kwa simu palepale.