Ubavu wa Boti Unaliwa Hapa: Rangi, Kutu na Umande kwenye Mfereji wa Oxford

Ukija kunitembelea huku Mfereji wa Oxford, usianze na maua na makasri yaliyochorwa kwenye milango ya boti. Wageni wote huanza hapo, na ni mazuri kweli, ni mapambo ya jadi ya watu wa mifereji ya Uingereza. Wewe chuchumaa kidogo kando ya maji utazame ule utepe wa chuma, kama nusu mita hivi, kati ya maji na ukingo tunaoukanyaga tukipita pembeni. Hapo ndipo boti inapoliwa. Na hapo ndipo mwenye boti anaweza kuiokoa kwa mikono yake, bila kuitoa majini.

Wanaoniuliza habari za kuishi kwenye boti huuliza baridi, choo na gharama. Kutu haiulizwi, na kutu ndiyo itakayokutoa humu kabla ya baridi.

Boti zetu ni nyembamba kwa sababu ya loki. Loki ni birika la matofali au mawe lenye milango mbele na nyuma: boti inaingia, maji yanajazwa au yanapunguzwa, nayo inapanda au inashuka kilima. Mfereji huu ni wa karne ya 18, na loki zake zina upana wa futi 7 hivi. Boti nyingi zina futi 6 na inchi 10. Piga hesabu mwenyewe nafasi inayobaki kila upande. Pale Napton, kijiji kando ya mfereji huu, ziko loki 9 za kupandia kilima kimoja, na ukuta wowote kati ya hizo unaweza kukuachia mchubuko. Halafu kuna kingo za zege na chuma unapofunga kamba. Sisi tusio na maegesho ya kudumu, sheria ya mifereji ya 1995 haituruhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo isipokuwa kwa sababu ya msingi, kwa hiyo tunafunga na kufungua mwaka mzima. Rangi ya ubavuni itadumu vipi?

Chuma cha ubavu kwenye boti nyingi za siku hizi ni cha milimita 6. Sakafu ya chini ni 10, kibanda ni 4. Sehemu iliyozama muda wote hupata hewa kidogo. Kibanda kikilowa hukauka. Utepe wa katikati ndio unaolowa na kukauka kutwa kucha, maji yapo, hewa ipo, na rangi imeshakwanguliwa na ukuta. Wakaguzi wengi huanza kukunja uso unene ukishuka chini ya milimita 4. Kutoka 6 kwenda 4 si mbali kama watu wanavyodhani.

Mimi nimekulia Kigoma, kwa hiyo meli ya chuma kwenye maji yasiyo na chumvi si kitu kigeni kwangu. Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye makasha hadi Dar es Salaam, kisha ikapanda reli hadi ziwani. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi walitangulia kuipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Hadithi hiyo huwa naiwaza nikiwa na brashi mkononi, kwa sababu kazi ya rangi ni ile ile ya grisi: kuyazuia maji na hewa visikutane na chuma.

Mjomba wangu aliwahi kufanya kibarua cha kukwangua na kupaka meli pale bandarini. Nilimpigia simu kabla sijanunua hata kopo moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nasikia umehamia ndani ya chuma."

"Ndiyo. Nataka kuupaka rangi ubavu, boti ikiwa majini hivi hivi."

"Umeshaugonga?"

"Kuugonga vipi?"

"Chukua kinyundo kidogo, gonga taratibu pale penye malengelenge. Rangi iliyoachana na chuma utaisikia, sauti yake nyingine. Hiyo yote itoke. Usipake juu yake."

Ushauri huo ni robo tatu ya kazi. Kupaka kwenyewe ni starehe. Jasho liko kwenye kukwangua. Unaosha ubavu kwa sabuni, unasuuza, unakwangua kila kilicholegea, kisha brashi ya waya mpaka chuma king'ae au kibaki na kutu iliyong'ang'ania tu. Kingo za rangi nzima unazipiga msasa zilale, maana zikibaki zimesimama kama ngazi, maji yataanza kuingilia hapo hapo. Miwani na barakoa ni lazima. Boti za zamani zinaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo hizo zipigwe msasa wa maji. Kutu iliyobaki kwenye vishimo naipaka dawa ya kugeuza kutu. Ile yenye asidi ya taniki utaiona ikibadilika kutoka wekundu hadi weusi ukiwa umesimama pale pale.

Sasa, kabla ya kununua rangi mpya, lazima ujue ya zamani ni ipi. Boti nyingi zimepakwa lami, nyingine epoksi, yaani rangi ngumu ya kuchanganya kopo mbili. Chovya tambara jeupe kwenye tapentaini, sugua ubavuni. Tambara likitoka la kahawia au jeusi, hiyo ni lami. Likibaki safi na rangi haijalainika, yaelekea ni epoksi. Hili ni jambo la pesa. Epoksi ukiipaka juu ya lami, vimiminika vyake vinailainisha lami, na vyote viwili vinanyanyuka na kubanduka. Rangi ya kawaida ya mafuta juu ya lami nayo hutoa madoa ya kahawia na kupasuka. Juu ya lami paka lami, basi, mpaka siku utakapoamua kuitoa boti majini na kuipuliza mchanga kwa mashine hadi chuma kitupu. Najua lami hupauka kwa jua na inataka kurudiwa kila baada ya miaka 2 au 3. Kwa mtu wa kipato changu bado naiona ndiyo chaguo la busara, kwa sababu naweza kuikarabati mwenyewe kando ya njia.

Umande ndio adui ambaye Kigoma hatukumfahamu kwa sura hii. Asubuhi ya Mei, jua limetoka, ndege wanaimba, hewa ina joto la kutosha kuvua sweta. Ukitazama, ubavu ni mkavu. Lakini pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: juu pakavu, katikati pa baridi, na sentimita chache juu ya maji vidole vinarudi na unyevu mwembamba usioonekana. Maji ya mfereji bado ni ya baridi, nayo yanakipoza chuma kutoka chini. Kanuni ya mafundi ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande unaanza kujitengeneza. Kipimajoto kidogo cha sumaku cha kubandika ubavuni ni bei ya sahani ya chakula, nacho kitakuokolea wiki nzima ya kazi. Mimi nasubiri hadi saa nne, wakati mwingine saa tano asubuhi, na alasiri ikianza kupoa naacha, hata kama kopo halijaisha. Jua kali nalo silikimbilii: chuma cheusi hupata moto, rangi inakauka juu kabla ya kushika chini. Napaka upande wenye kivuli.

Kwa kufika chini zaidi, nahamisha magunia ya makaa na madumu ya maji yote upande mmoja, boti inalala kidogo na upande wa pili unainuka vidole kadhaa. Ni kidogo, lakini vidole hivyo ndivyo vyenye kutu. Upande wa pili ukifika zamu yake, unaipeleka boti mahali mfereji ulipopanuliwa kwa ajili ya kugeuzia, unarudi nayo ikiwa imegeuka. Pale karibu na maji weka mkono mmoja zaidi wa rangi. Juu, kwenye ukingo wa kukanyagia, nyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa kwenye rangi mbichi, kisha paka juu yake. Mvua ya huku ni ya mwaka mzima, na kuteleza kutoka kwenye boti ndani ya loki ni jambo la kufa na kupona.

Na jamani, vumbi na mabaki ya rangi yasiingie majini. Natandika turubai kutoka ukingo wa boti hadi nchi kavu, nafagia, nafunga kwenye mfuko. Bata wanalea vifaranga hapa hapa. Majirani zangu ni wazee waliokaa kwenye mfereji huu kabla sijajua upo, na jambo la kwanza walilolitazama kwangu ni hilo turubai.

Kazi hii haimalizi habari ya chini ya maji. Kule bado utahitaji kutolewa nje, kupimwa unene, na kukaguliwa vile vipande vya magnesiamu vilivyochomelewa ili viliwe badala ya chuma. Hivyo havipakwi rangi kamwe. Lakini lami iliyobaki kwenye kopo ifunikwe vizuri, iwekwe mahali pasipoganda, na kabla ya Oktoba kuisha upitie tena pembe za mbele. Hizo ndizo zinazogusa ukuta wa loki kwanza, na ndizo zitakazokuwa zimeshachubuka.