Siku yangu na watoto wa sekondari msingi, Mombasa

Saa moja kasorobo asubuhi. Nasimama getini Kisauni. Nafundisha Kiswahili Gredi ya 7 hadi ya 9, na ndimi mwalimu wa ushauri nasaha. Nawasalimu kwa majina. Anayepita ameinamisha kichwa, namtafuta kabla ya adhuhuri.

Saa mbili. Vipindi viwili mfululizo, ufahamu na sarufi.

Saa nne na nusu. Wavulana wawili wa Gredi ya 8 wameletwa wamepigana. Mmoja alikuwa akisoma kwa sauti darasani, sauti ikamkatika, mwenzake akamcheka na kumbandika jina la utani mbele ya wasichana. Katika umri wa miaka 13 hilo si dogo hata kidogo. Nawapa maji, wanakaa kimya mpaka pumzi zishuke. Kisha kila mmoja anasema bila kukatizwa, na mwenziwe anarudia alichosikia ndipo ajibu. Hapo ndipo kazi ilipo: mara ya kwanza aliyecheka alirudia maneno yake mwenyewe, si ya mwenzake. Tukaanza upya. Sikuwalazimisha kupeana mikono, maana msamaha wa kuamrishwa haufiki mapumziko ya pili. Wamekubaliana jambo moja tu, lile jina la utani life leo.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, na bado wapo wanaoona mazungumzo haya ni kupoteza muda. Mimi naona fimbo ingewanyamazisha tu, na ugomvi ungehamia njiani.

Saa saba. Nafungua sanduku la barua za wanafunzi. Nyingi zahusu hedhi na urafiki uliovunjika. Sodo ziko kwenye droo yangu, wasichana wanajua. Mlangoni nimebandika 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Huwaambia mapema pia kwamba siri ya mtoto anayeumizwa siwezi kuiweka peke yangu.

Saa nane na nusu. Gredi ya 9 wanawaza mikondo ya masomo watakayochagua sekondari ya juu. Binti mmoja anataka Sanaa na Michezo, babake anataka STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Analia kwa hasira. Namwambia aandike sababu zake, tuzipange pamoja, aondoe zile za kumshinda baba.

Saa kumi. Nampigia babake. "Mwalimu, mimi naogopa asije akahangaika kama nilivyohangaika." Nikamwomba amwambie binti yake maneno hayohayo. Atakuja Ijumaa saa mbili, na binti ndiye atakayeanza kusema.