Mti wenye shimo

Kwa sisi maseremala, mti wenye shimo ni hasara. Unalipia msumeno wa petroli, unauangusha, kumbe ndani ni unga mtupu. Baba yangu alipasua mbao enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni akila vumbi. Kabla ya kukubali kazi aligonga shina kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Likilia kama ngoma, aliondoka.

Huyo baba ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewaona kasuku wa msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya. Anasema walipita jioni juu ya miti, wa kijivu, mkia mwekundu, wakipiga mbinja kama watoto waliofunguliwa shule. Mimi nimezaliwa Shinyalu, kando ya msitu huo, na kasuku wangu ni yule wa kwenye jalada la daftari. Wanangu ndio wamezidi: kwao kasuku ni mkebe wa mafuta ya kupikia ya chapa hiyo, wa kupimia mahindi sokoni.

Watu husema waliisha kwa kutegwa, na si uongo. Ndege anayeiga maneno ana bei. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kule Johannesburg, nchi ziliamua kufunga biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa kijivu wa porini. Sawa. Lakini sheria haimjengei nyumba. Kasuku hatoboi mti kama kigogota. Hutaga ndani ya tundu alilolikuta, juu kabisa, kwenye mti mzee. Na mti huo ndio hutangulia kwenda. Mbao haufai, basi makaa, basi kuni, na hakuna wa kuulilia.

Hondohondo naye ni mpangaji wa humo humo. Jike hujifungia ndani kwa udongo, akabakiza ufa wa kupokea matunda kutoka kwa mumewe. Hao bado tunao, na kelele zao zitakufanya uweke randa chini.

Mwezi uliopita jirani aliniita nimkadirie mti wake wa mbao, wa aina ya Elgon, pale shamba linapopakana na msitu. Niligonga. Ngoma. Juu, penye tawi lililovunjika, palikuwa na tundu la kuingia kichwa cha mtu.

“Mbao hakuna hapa, mzee.”

“Na makaa?”

Nikamdanganya kwamba hautarudisha hata pesa ya petroli.

Jana nimepita tena. Ng'ombe wake alikuwa amefungwa pale chini, akijikuna kwenye shina.