Mjomba aliuliza saa ya kugeuza

Nipo Mwanza likizo, na video ya mlimani imenitangulia kufika. Kila nyumba ninayokaribishwa, Kitangiri hadi Nyegezi, simu inatolewa: "Huyu ni wewe kweli?" Ni mimi, yule mwenye helmeti ya bluu anayepanda mlima alfajiri na skii miguuni, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji, juu ya barafu, akihema. Shangazi yeye aliuliza, "Na hapo mnalipwa shilingi ngapi?" Nilipomwambia kwamba ninalipa mimi, kwamba vifaa peke yake vilikula hela inayokaribia bodaboda mpya na juu yake kuna bima ya uokoaji, alinitazama kwa huruma akaniongezea sato.

Wengine wananitania: mtu wa ziwani milima kaijulia wapi? Hapo huwa nina jibu. Ziwa letu lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Innsbruck, mji ninaoishi kule Austria, upo mita 574 tu. Mimi kwenda Ulaya nimeteremka.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwishoni mwa Machi. Tulikuwa watatu: mimi, dada mmoja wa Bukoba ambaye ni nesi kule, na jirani yetu Mwaustria aliyezaliwa chini ya milima hiyo. Gari tuliliacha Praxmar, mita 1,689, giza halijatoka, tukaelekea kilele cha Lampsenspitze, mita 2,875. Njia hiyo haina lifti ya kukuvuta hadi juu. Unapanda kwa miguu yako. Chini ya kila skii unabandika mkanda wa manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, ukisukuma mbele unateleza, ukirudi nyuma yanashika. Kisigino kinaachwa huru ili utembee. Zamani mikanda hiyo ilikuwa ngozi ya sili, siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora.

Usiku ule anga lilikuwa safi, nyota tupu, na theluji iliyoloweshwa na jua la jana yake iliganda mpaka chini. Manyoya yalikosa cha kushika. Ilikuwa kama kukanyaga kigae cha bafuni kilichomwagiwa sabuni. Tukazifunga skii meno ya chuma. Unayakandamiza kwanza, yanalia krak, ndipo unahamishia uzito. Kazi ipo kwenye kona. Mteremko mkali haupandwi moja kwa moja, unaukata kushoto, kisha kulia, na kila ukigeuka unabaki umesimamia mguu mmoja huku skii ya pili, ndefu karibu sawa na wewe, ukiizungusha hewani. Yule dada alifika kwenye kona moja, akachungulia chini, akasema, "Hapa nikiteleza nitapokelewa na gari letu," akazungusha mguu na kuendelea. Mwaustria tulimtafsiria baadaye, tulipofika pazuri pa kuchekea.

Hapa nyumbani wanadhani barafu ndiyo adui. Itakuangusha, hilo kweli, na ukianza kuserereka kusimama ni shida. Lakini ganda hilo la asubuhi ndilo linaloushikilia mteremko. Jua likishalilegeza, kwenye mwinuko wa nyuzi 30 na zaidi, theluji yenye maji inaweza kukatika na kushuka nawe. Kila mmoja wetu alivaa kifuani kidude cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, na kila begi lilikuwa na sepetu na fimbo ndefu ya kukunjwa ya kuchomea kwenye theluji. Sivibezi, ila hivyo ni vya kutumika mambo yakishaharibika, na hapo mna dakika 10, pengine 15, za kumfukua mwenzenu akiwa hai. Kinga ni saa. Taarifa ya maporomoko ya theluji ya jimbo la Tirol hutoka kila jioni na kupima hatari kwa ngazi 1 hadi 5. Ile ya siku yetu ilisema asubuhi hatari ndogo, kadiri jua linavyopanda nayo inapanda. Mwaustria akatamka tukiwa bado garini: popote tutakapokuwa, saa nne na nusu tunageuza.

Tulifika kileleni kabla ya hapo. Kuna msalaba, upepo unakata masikio, chai ya tangawizi ya yule dada ikazunguka mkono kwa mkono. Tukabandua mikanda, tukaiweka ndani ya makoti ili gundi isigande. Halafu tukangoja kwa makusudi mpaka jua lilainishe juu kidogo, sentimita mbili tatu, chini pakiwa bado pagumu. Theluji ya namna hiyo haina mfano na haikai. Tulishuka tunapiga vigelegele mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapanda akasimama kutushangaa (kwa saa ile, mwenye kushangaza alikuwa yeye).

Mjomba anavua dagaa Igombe. Aliitazama video kimya, akairudia, hela hakuuliza.

"Mnageuza saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Na kilele mkiwa mnakiona?"

"Tunageuza."

"Nani anaamua?"

"Yeyote akisema turudi, tunarudi."

Akaitikia kwa kichwa. Radi za ziwani anazijua: nyingi hujikusanya usiku, upepo wa nchi kavu ukishaingia majini, saa zile zile ambazo taa zinawaka na nyavu ziko chini. "Shida si upepo," akasema. "Shida ni dagaa wakishajaa kwenye taa, hakuna anayetaka kuondoka."

Nimemwomba nafasi mtumbwini mbalamwezi ikiisha. Amekubali kwa masharti: nivae jaketi la kuokolea hata vijana wakinicheka, taa nisiziguse, na nikitaka kutapika niangalie kwanza upepo unaelekea wapi.