Umbizo Moja la Kati kwa Zana za Kuchanganua Baitikodi

Zana yoyote ya kuchanganua baitikodi ya Java (amri ambazo programu ya Java hugeuzwa kuwa kabla ya kuendeshwa) hulazimika kwanza kuielewa, na hapo ndipo jasho jingi humwagika, kwa kuwa mashine pepe ya Java, yaani programu inayoziendesha amri hizo, ina amri zaidi ya 200, nyingi zikiweka na kuondoa thamani katika rundo (stack) ambalo halionekani popote ndani ya faili. Kujumlisha namba mbili na kuhifadhi jibu huchukua amri nne: iload_1, iload_2, iadd na istore_3. Anayetaka kujua thamani fulani imetoka wapi hana budi kuliigiza rundo hilo hatua kwa hatua.

Jibu ninaloliona la busara zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwishoni mwa miaka ya 1990, pale mradi wa Soot, zana ya kuchanganua programu za Java, ulipoleta Jimple, uwakilishi wa kati (umbizo rahisi ambamo baitikodi hugeuzwa kabla ya kuchanganuliwa) wenye aina 15 tu za sentensi. Rundo linatoweka, zile amri nne zinakuwa mstari mmoja, c = a + b, na kila kibadilika kinatangazwa pamoja na aina yake. Jimple pia huweza kuandikwa kama matini ya kawaida, kwa hiyo mtu anaweza kuifungua, akaisoma, hata akairekebisha kwa mkono ili kuijaribu zana yake (jambo ambalo wasomi wengi hulisifu kidogo mno).

Faida ya kuwa na umbizo la pamoja ilidhihirika Android ilipoenea. Baitikodi ya Dalvik, ile ya programu za Android, hutumia rejista (nafasi za kuhifadhi thamani) badala ya rundo, lakini mwaka 2012 zana ya Dexpler ilipoanza kuigeuza kuwa Jimple, uchanganuzi ulioandikwa kwa ajili ya Java ukawezekana kwa programu za simu, na FlowDroid, inayofuatilia uvujaji wa data za siri, ikajengwa juu ya msingi huohuo na kutangazwa mwaka 2014. Ugeuzaji wenyewe haukuwa mwepesi. Katika Dalvik, amri ileile inayoweka 0 ndani ya rejista inaweza kumaanisha namba kamili, namba ya desimali au null (yaani hakuna kitu), na kigeuzi hakina njia ya kujua ila kwa kuchunguza jinsi rejista hiyo inavyotumiwa baadaye.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kwamba tukishaafikiana juu ya muundo wa faili kazi imekwisha. SARIF, umbizo la faili za matokeo ya uchanganuzi lililopitishwa na shirika la viwango la OASIS kuwa kiwango mwaka 2020, inaziwezesha zana kubadilishana matokeo, lakini haisemi programu yenyewe ilieleweka vipi. WALA, zana nyingine ya uchanganuzi iliyoanzia IBM, hutumia SSA, mtindo wa uwakilishi ambamo kila kibadilika hupewa thamani mara moja tu. Jimple ya kawaida haina sharti hilo. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunawezekana, ila nafasi ya amri katika baitikodi ya asili hupotea kwa urahisi, na namba za mistari haziwezi kuliziba pengo hilo kwa sababu mara nyingi huondolewa kabla programu haijatolewa. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: umbizo la pamoja lisilobeba nafasi hiyo katika kila sentensi halifai, kwani ripoti za zana mbili kuhusu kosa lilelile haziwezi kulinganishwa.

Sharti la pili linahusu invokedynamic, amri ya kuita mbinu (method) iliyoingia na Java 7 mwaka 2011 na kutumiwa na lambda (mbinu fupi zisizo na jina) tangu Java 8. Mbinu itakayoitwa huamuliwa programu inapoendeshwa, hivyo umbizo liseme wazi iwapo mwito huo umetatuliwa, na kigeuzi kipi ndicho kilichoutatua.