Tambi nilizozipalia makaa

Barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, tuko saba, na karibu wote tunapika. Msishangae. Mmoja ni nahodha, akiwa chomboni hana wa kumpikia. Mwingine mwalimu, mkewe kahamishiwa Handeni kikazi. Mimi fundi cherehani, nashinda nyumbani, na jiko liko hatua tano kutoka kwenye cherehani yangu. Kwa hiyo ubishi wetu si Simba na Yanga peke yake. Tunabishana tui linakatika kwa nini, samaki wa kupaka achomwe kwanza au apakwe kwanza, na nani anapikiwa na mkewe kwa siri halafu anakuja kujitapa.

Mwaka jana tukaanzisha zamu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mmoja anawalisha wenzake. Nahodha alitoa wali wa nazi na nguru, hakuna aliyetia neno. Mwalimu akaleta makande, tukamcheka mpaka akataka kubeba sufuria yake arudi nayo, ingawa yaliisha. Ilipofika zamu yangu nikataka kuwazidi wote. Nikatangaza: tambi ndefu za Kitaliano.

"Tambi?" Nahodha akauliza. "Yakhe, Ramadhani si imeshapita?"

Maana kwetu tambi ni za futari. Zinakaangwa, zinatiwa sukari, iliki na zabibu, yamekwisha. Mwalimu naye akasema spageti ni chakula cha mtu aliyetoka wodini jana. Ningekuwa na akili ningegeuza maneno palepale, nikapika pilau. Lakini nilishasema mbele za watu.

Sasa nisikilizeni nilivyofanya, msirudie. Nilinunua pakiti 3 za gramu 500, kila moja kama 3,000 hivi, kasoro au na ushee. Nikazivunjavunja zienee kwenye sufuria. Maji nikapima kwa kidole kama ya wali, pingili moja juu ya tambi. Nikamimina mafuta ya kutosha, kwa sababu jamaa mmoja wa kwenye simu alisema ukitia mafuta hazishikani. Nikafunika. Maji yalipokaribia kukauka nikafanya kama mama alivyonifunza: moto wa chini nikaupunguza, makaa nikayapalia juu ya kifuniko, nikarudi kwenye cherehani kumalizia suruali ya mteja. Robo saa nzima.

Nilipofunua, tambi hazikuwepo. Kilikuwepo kitu kimoja tu. Cheupe, kinang'aa mafuta, kimechukua umbo la sufuria na kuachana na kingo zake. Nikasimamisha upawa katikati, ukasimama wenyewe. Nikakipindua kwenye sinia, kikatoka kizima, na upande uliokuwa chini kilikuwa na ukoko wa kahawia, mzuri kusema kweli. Ungekuwa wa wali ningejisifu. Wageni walikuwa wameshanawa mikono. Nahodha akakiangalia, akaomba kisu. Akakata pembe saba, akagawa kipande kimoja kimoja, akasema bismillahi kwa sauti ile ya kwenye hitima. Mwalimu akala chake chote bila kuinua macho, halafu akaniuliza kama nimetia hamira.

Mpaka leo kuna wanaoniita Mkate wa Sinia. Wakapitisha azimio kwamba zamu yangu haikuhesabika, nirudie.

Ndipo ushauri ulipomiminika, na hapa ndipo panaponiudhi. Kila mtu Tanga nzima, hata asiyewahi kuziona tambi zaidi ya zile za sukari, alikuwa na la kusema. Zioshe kwa maji baridi, mmoja akaniambia. Nikaziosha. Zikawa hazishikani, ni kweli, lakini hata mchuzi haukuzishika: mchuzi uliteremka chini ya sahani, tambi zikabaki juu zinanitazama. Mwingine akaniambia rusha uzi mmoja ukutani, ukinata umeiva. Huyo aliyenishauri ana ukuta wa vigae. Wangu ni wa chokaa. Kwenye chokaa kila kitu kinanata, kibichi na kilichoiva, na ukikibandua kinaondoka na chokaa yake. Ukuta wangu wa jikoni una mistari kama mijusi iliyokauka, na mke wangu kila akipita anaitazama hiyo mistari, kisha ananitazama mimi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja aliyekuja kupunguza urefu wa kanzu. Zamani alikuwa mpishi hotelini, upande wa Raskazone. Nikampa shikamoo, nikampimia kanzu, na katika mazungumzo nikamsimulia ule mkate wangu. Alicheka mpaka pini zikamdondoka mabegani.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mchele unaupa maji unayotaka uyanywe yote. Tambi zinataka kuoga, si kunywa."

Basi, mlango ukafunguka. Tambi ni unga wa ngano ngumu uliokwisha kukandwa na kukaushwa. Wanga wake unatoka na kuingia kwenye maji. Maji yakiwa machache yanageuka gundi, na mimi juu ya gundi nikapalia makaa! Mzee akanipa kipimo: lita 1 kwa kila gramu 100, na chumvi kama gramu 10 kwa lita. Kwa pakiti zangu tatu ni lita 15. Nikaenda kwa jirani kuazima sufuria ya shughuli, ile ya kupikia harusini, akaniuliza nani anaoa.

Pia zisivunjwe. Unazisimamisha ndani ya maji yanayotokota, zikilainika chini zinajikunja zenyewe na kuzama. Dakika mbili za mwanzo usiondoke, koroga. Na mafuta yaacheni, yanaelea juu ya maji hayana kazi, halafu ukizitoa zinateleza mchuzi usizishike. Huyo jamaa wa kwenye simu nikikutana naye tutazungumza.

Kujua zimeiva ndiko kulinifurahisha kuliko yote, maana ni kazi ya macho ya fundi. Unatoa uzi mmoja, unauma, unatazama mkato. Katikati utaona kidoa cheupe. Kikiwa kama kichwa cha pini, bado. Kikiwa kama ncha ya pini, opoa upesi, kwa sababu zitamalizia kuiva ndani ya mchuzi. Na yale maji msimwage yote! Upawa mmoja au miwili unatia kwenye mchuzi, na wanga ule ule ulionifedhehesha unaufanya mchuzi uwe mzito, ushike tambi.

Mchuzi wenyewe nikaamua uwe wa pweza. Watu wa pwani ya Italia wanapika hivyo, mzee alinihakikishia, na mimi nilijua barazani hakuna wa kumwita pweza chakula cha mgonjwa. Tatizo likawa maji. Ijumaa yangu iliangukia maji mafu, bahari haikupwa vya kutosha, na Nahodha akanicheka: "Pweza utamtoa wapi, posta?" Tukasogeza wiki moja, mpaka siku mbili baada ya mwezi kuandama, bamvua, miamba inapobaki wazi na watu wanashuka na vijiti. Asubuhi nikaenda Deep Sea, soko la samaki, nikapata kilo tatu na kitu. Bei sitaisema kwa sababu mke wangu anasoma, ila nililalamika sana nikapunguziwa.

Pweza akishapigwa na kusafishwa, usimtie maji hata tone. Sufuria kavu, kifuniko, moto wa wastani. Ukifunua baada ya muda mfupi unamkuta amekaa ndani ya maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau, yana chumvi ya bahari. Mwache humo kama saa moja, mpaka kijiti kipenye bila kubishana. Atasinyaa karibu nusu, msilie. Ndipo vitunguu saumu, nyanya za Lushoto, pilipili mbuzi moja nzima bila kuipasua. Kwa sababu ya chumvi yake, maji ya tambi nikayapunguzia chumvi.

Usiku ule nilibeba sinia mwenyewe. Mwalimu, kwa kuwa amesoma, akauliza jibini iko wapi. Nikamjibu Wataliano hawapendi kutia jibini kwenye vyakula vya baharini, nikamnyunyizia mkate wa juzi nilioufikicha na kuukaanga kwa saumu, kama wafanyavyo watu wa kusini kwao. Akanyamaza. Mwalimu kunyamaza, mnajua maana yake.

Nahodha ndiye aliyeharibu. Alikuja na kichane cha ndizi mbivu mkononi. Eti Mogadishu aliwahi kufika, huko tambi wanaziita baasto, walizizoea tangu utawala wa Wataliano, na wanakula na ndizi. Tukamcheka wote. Nikamwambia ndizi aipeleke chomboni, asiniingizie kwenye pweza wangu.

Bibi yangu nilimpelekea sahani yake uani. Akaonja. Akatafuna pweza kwa upande wenye meno. Kisha akaniita:

"Mjukuu wangu, hizi tambi umesahau sukari."

"Bibi, hizi haziwi na sukari."

"Haya," akasema, na akanyoosha mkono kwa Nahodha, aliyekuwa anapita kwenda kunawa. Nahodha akampa ndizi mbili. Akazimenya, akazikata juu ya sahani kwa kidole gumba, akachanganya na pweza wangu wa bamvua, akala mpaka sahani ikang'aa. Halafu akairudisha kwangu iongezwe, na kumuuliza Nahodha kwao ni watoto wa nani.